Hatuji na mabango: barua ya wazi kwa Mkuu wa Mkoa wa Tanga

Kwako Mheshimiwa Mkuu wa Mkoa,

YAH: OMBI LA KUBANDIKA KATIKA OFISI ZA KATA MASHARTI YA MAZINGIRA YA MIRADI MIKUBWA

Salaam, Mheshimiwa, na pole kwa majukumu.

Sisi ni kikundi kidogo cha mazingira hapa jijini. Wamo walimu, wavuvi, akina mama wa mwani, vijana wa bodaboda na mimi ninayeandika. Tuna ombi moja ambalo halitaugharimu Mkoa zaidi ya karatasi, wino na gundi. Ila ombi lenyewe limetokana na mabishano marefu baina yetu, na nisipokusimulia tulivyobishana utadhani tumekosa la kufanya.

Tulibishana kuhusu kiwanja cha ndege. Habari za kukipanua kiwanja chetu cha Tanga zimesemwa kwa miaka, na bajeti ya uchukuzi ikisomwa Dodoma watu hutega sikio. Vijana wetu wakasema siku greda likiwashwa tuwe getini na mabango. Hoja yao haikuwa ya kipuuzi. Ulaya watu wanapinga upanuzi wa viwanja vya ndege kwa sababu ya hewa ukaa. Bahari yetu inapata joto kwa hewa hiyohiyo. Mwani wa kotonii unaoza kambani joto likizidi, na akina mama wetu wanajua hasara yake kwa kilo. Basi nasi tupinge. Watu wazima wakakataa, wengine kwa woga, wengine kwa sababu wanakitaka kiwanja. Mwisho tukakubaliana tusome kwanza yaliyowafika hao wenzetu, tuone maandamano yao yamezaa nini.

Tuliyemsoma zaidi ni Mwingereza na Heathrow yake. Agosti 2007 wanaharakati walipiga kambi jirani na kiwanja hicho cha London kupinga njia ya tatu ya kurukia ndege, ambayo ingekifuta kijiji cha Sipson. Januari 2009 serikali ya Gordon Brown ikaipitisha hata hivyo, na siku hiyo mbunge wa eneo lile, John McDonnell, akainyanyua siwa ya Bunge kwa hasira, akasimamishwa. Wanamazingira wa Greenpeace nao wakanunua kipande cha shamba katikati ya eneo la mradi, wakaandikisha maelfu ya watu kuwa na haki ndani yake, ili serikali ikitaka kulitwaa ihangaike na wote hao. Hila hiyo ilitufurahisha sana. Mtu wa Tanga anajua kesi ya shamba la urithi inavyochosha. Mei 2010 serikali mpya ikaingia madarakani na mradi ukafutwa.

Furaha haikukaa. Julai 2015 tume iliyoundwa na serikali ikapendekeza njia ileile ya tatu. Juni 2018 Bunge likaipigia kura: 415 ndiyo, 119 hapana. Boris Johnson, waziri wa mambo ya nje aliyekuwa ameahidi kulala chini mbele ya makatapila ili lisijengwe kitu, siku ya kura alikuwa Afghanistan kikazi. (Hilo, Mheshimiwa, halikuhitaji kutafsiriwa kwa yeyote barazani.) Februari 2020 Mahakama ya Rufani ikasema serikali ilikosea kwa kutouzingatia Mkataba wa Paris wa tabianchi. Desemba ya mwaka huohuo Mahakama ya Juu ikatengua. Januari 2025 Waziri wa Fedha, Rachel Reeves, akatangaza kwamba serikali yake nayo inaitaka njia ya tatu.

Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Hadi leo njia hiyo haijamwagwa lami, na bila wale waliolala kwenye mahema ya matope pengine Sipson pasingekuwa na nyumba. Maandamano yaliwanunulia miaka, na miaka ni mali.

Lakini tazama hesabu hii. Mwaka 2009 Heathrow ilipitisha abiria takribani milioni 66. Mwaka 2024 ilipitisha karibu milioni 84. Njia ni zilezile mbili. Ndege zimekuwa kubwa na zinajazwa zaidi, basi. Waliozuia lami hawakuzuia safari, na hewa ukaa haiulizi ndege imeruka kutoka njia ya ngapi. Tulipofika hapo vijana wetu walinuna, na mimi niliyekuwa upande wao nilinuna nao.

Jambo lililotugeuza akili tulilikuta nyuma zaidi, katika mradi ambao wapinzani walishindwa kabisa. Kabla ya ugomvi wa njia ya tatu kulikuwa na ugomvi wa jengo la tano la abiria palepale Heathrow. Uchunguzi wa hadhara ulianza 1995 ukaisha 1999, watu wakikaa ukumbini siku baada ya siku kusikiliza mashahidi wa kelele, wa barabara, wa maji, wa moshi. Mwaka 2001 jengo likapewa kibali, na 2008 likafunguliwa. Ukiuliza nani alishinda, utajibiwa ni wenye kiwanja. Ila ndani ya kibali liliandikwa sharti: ndege zisizidi 480,000 kwa mwaka, kuruka na kutua. Sharti hilo linafanya kazi mpaka leo. Serikali zimepita, mawaziri wamepita, kambi zimepigwa na kung'olewa, na bado kiwanja kikubwa kuliko vyote Uingereza kinahesabu ndege zake kwa sababu ya mstari mmoja kwenye karatasi. Hakuna aliyeupiga picha. Hakuna aliyeimba nyimbo kuuhusu. Ni zao la watu walioshindwa kesi lakini walikuwapo ukumbini siku masharti yanajadiliwa.

Kwa maoni yangu, huo mstari umezifunga ndege za Heathrow kuliko bango lolote.

Tulitafuta pia mahali ambapo watu walishinda moja kwa moja, tukapapata Ufaransa, Notre-Dame-des-Landes, karibu na mji wa Nantes. Januari 2018 serikali iliufuta mradi wa kiwanja kipya uliokuwa ukizungumzwa tangu miaka ya 1960. Picha zilizoenea ni za vijana kwenye vizuizi na mabomu ya machozi. Zisizoenea ni za wakulima waliogoma kuuza ardhi, kesi zilizofunguliwa moja baada ya nyingine, na raia wakiwamo marubani waliokaa na kalamu kuonyesha kwamba kiwanja cha zamani cha Nantes kingeweza kuboreshwa kikatosha. Ripoti ya wasuluhishi waliotumwa na serikali, Desemba 2017, ilikubali kwamba njia hiyo ipo. Na usisahau kwamba katika kura ya maoni ya 2016 asilimia 55 ya wapiga kura wa eneo hilo walikitaka kiwanja kipya. Kilichosaidia ni kwamba waliokataa walikuwa na kitu kingine cha kuweka mezani.

Wenyewe wanaharakati wa Ulaya sasa wanaulizana. Oktoba 2019 baadhi yao walipanda juu ya treni ya abiria Canning Town, mashariki mwa London, asubuhi ya watu kwenda kazini. Abiria wakawavuta chini kwa hasira. Julai 2024 watano wa kundi la Just Stop Oil walifungwa miaka minne hadi mitano kwa kupanga kuifunga barabara kuu izungukayo London, na Machi 2025 kundi lenyewe likatangaza kuacha vitendo vya barabarani. Wapo wanaosema walifanikiwa, wapo wanaosema waliwachosha wananchi. Mimi naona kumzuia mtu wa kibarua asifike kazini ni kumlenga asiye adui. Afadhali wale wa Uholanzi, ambao Novemba 2022 waliingia uwanja wa Schiphol upande wa ndege binafsi za matajiri, wengine wakizunguka kwa baiskeli hadi polisi wakachoka kuwakimbiza. Sisi wa Tanga, mji wa baiskeli, tuliwapa alama zote.

Sasa turudi nyumbani, maana najua unachojiuliza.

Kuipima Tanga na Heathrow kwa mizani moja ni dhuluma. Kiwanja chetu ni cha ndege ndogo za kwenda Pemba, Unguja na Dar es Salaam. Mwaka 2018, kwa makadirio ya watafiti, ni kama asilimia 11 tu ya watu duniani waliopanda ndege hata mara moja, na asilimia moja ya watu wote ndiyo iliyobeba zaidi ya nusu ya moshi wa safari za abiria. Hao si watu wa mitaa yetu ya Makorora. Kwa hiyo kikundi chetu hakipingi Tanga kupata njia ndefu zaidi ya kurukia. Wapo vijana waliolikubali hilo shingo upande, na nakuandikia wakijua nimesema hivi.

Hata hivyo, tunalo somo la hapahapa kwetu, nalo ni Chongoleani, pwani ambako bomba la mafuta linaishia. Agosti 2017 Rais Magufuli na Rais Museveni waliweka jiwe la msingi la bomba la mafuta ghafi litokalo Hoima, Uganda: kilomita 1,443, na kati ya hizo 1,147 ziko Tanzania. Mafuta yale yana nta, ndiyo maana bomba lazima lipashwe joto njia nzima hadi baharini kwetu. Mimi binafsi ningependa mafuta hayo yabaki chini, na sioni haya kulisema. Dunia ilipiga kelele kweli. Mabenki kadhaa makubwa yalisema hayatatoa mkopo, na Septemba 2022 Bunge la Ulaya likapitisha azimio la kuukosoa mradi. Mradi ukaendelea, fedha zikatafutwa kwingine.

Kesi ndiyo iliyotufundisha. Mashirika ya kiraia yalifungua shauri dhidi ya bomba hilo Mahakama ya Haki ya Afrika Mashariki Novemba 2020. Novemba 2023 mahakama ikalitupa bila kuingia katika kiini cha hoja, kwa sababu lilifunguliwa nje ya muda. Mkataba wa Jumuiya unampa mlalamikaji miezi miwili tu. Miezi miwili, Mheshimiwa! Katika nchi ambayo karatasi ya mradi huchukua muda mrefu kuliko huo kutoka meza moja hadi nyingine, mwananchi wa kawaida atajulia wapi kwamba saa yake imeanza kuhesabiwa?

Na wakati kampeni ya nje inazungumzia nyuzi joto za dunia, mazungumzo ya pwani yalikuwa ya fidia, minazi na pa kuegesha ngalawa. Siwalaumu. Ukimfuata mtu baada ya mthamini kupita shambani kwake, atazungumzia nini kama si fidia? Ndiyo maana nasema mkutano wa mazingira unaoitishwa baada ya uthamini umeshakufa kabla haujafunguliwa.

Sheria yetu si mbaya. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inataka mradi mkubwa ufanyiwe tathmini ya athari, na Kanuni za 2005 zinataka wananchi washirikishwe na muhtasari wa tathmini uandikwe kwa Kiswahili na Kiingereza, kwa lugha isiyo ya kitaalamu. Cheti kikitolewa kinabeba masharti. Katiba, Ibara ya 18, inampa kila raia haki ya kupewa taarifa kuhusu mambo muhimu kwa maisha yake. Yote hayo yapo. Kinachokosekana ni mlango wa ofisi ya kata ambapo mtu anaweza kusimama akasoma.

Nikupe mfano, na mradi wenyewe siutaji kwa sababu shida hii si ya mmoja. Uliitishwa mkutano wa kijiji kimoja cha pwani saa nne asubuhi. Siku hiyo ilikuwa bamvua, siku za maji kujaa na kupwa sana. Saa nne ya bamvua maji yamekupwa, na kila mwanamke mwenye kamba za mwani yuko huko chini akivuna. Hawezi kuacha, maji hayamsubiri. Waliohudhuria walikuwa wazee na wenye maduka. Karatasi ya mahudhurio ikasainiwa, soda zikanywewa, maelezo yakasomwa kwa Kiingereza na kufupishwa kwa Kiswahili kwa maneno machache. Ukiuliza leo utaambiwa wananchi walishirikishwa, na saini zipo. Ni kweli zipo.

Kwa hiyo ombi letu ni hili. Tunajua cheti cha mazingira hakitoki ofisini kwako, na NEMC, baraza la taifa la usimamizi wa mazingira, wana taratibu zao. Lakini hakuna wa kukuzuia kuagiza kwamba kila mradi mkubwa ulioko mkoani, ambao tayari una cheti, masharti yake yaandikwe kwa Kiswahili, ukurasa mmoja au miwili, yabandikwe ofisi ya kata inayohusika, kwa wenyeviti wa mitaa, na pale soko la samaki la Deep Sea ambako watu ni wengi kuliko ofisi yoyote. Bandari yetu imechimbwa na kupanuliwa kwa zaidi ya shilingi bilioni 400. Sasa meli zinafunga gatini badala ya kushusha mzigo kwa matishari huko nje. Tumeifurahia, ajira tumeziona. Mvuvi wa jarife akitaka kujua masharti yalisemaje kuhusu udongo uliochimbwa chini ya bahari umwagwe wapi, aende wapi kusoma? Vilevile Chongoleani: sharti la mafuta kumwagika linasemaje, nani anapigiwa simu, ndani ya saa ngapi? Huenda majibu ni mazuri sana. Basi yabandikwe tuyasifu.

Kuhusu kiwanja cha ndege, siku mradi utakapofika, tunaomba mkutano wa kwanza na majirani ufanyike kabla mthamini hajapita. Na masharti yawe na namba. Tumejifunza hilo kwa Mwingereza: sharti lisilo na namba halimfungi mtu. Andikeni ndege ngapi usiku, maji ya mvua ya lami mpya yataelekezwa mtaro upi na mtaro huo unabeba kiasi gani, familia ngapi zitahama na zitalipwa ndani ya muda gani. Ukisoma "maji ya mvua yatadhibitiwa ipasavyo" ujue nyumba za bondeni zitaogelea.

Tarehe za mikutano zipangwe na watu wanaoijua bahari, yaani viongozi wa BMU (vikundi vya wavuvi vya kusimamia fukwe) na wakulima wa mwani wenyewe. Siyo rahisi kama inavyoonekana, kwa sababu wavuvi wa dagaa wa usiku hupumzika siku za mbalamwezi, na mbalamwezi kamili huwa ni bamvua, siku ambazo akina mama wako majini. Akina mama ndio waliotupatia jawabu: alasiri ya siku hizohizo. Maji yamejaa, mwani haushikiki, wavuvi wako majumbani wanashona nyavu. Saa kumi, kabla ya magharibi, wote watakuja, na soda mnaweza kuacha.

Usiichukue barua hii kuwa ahadi kwamba hatutaandamana kamwe. Haki ya kukusanyika iko katika Ibara ya 20 na hatuiuzi kwa ukurasa wa Kiswahili. Tumeona tu kwamba bango hubebwa siku moja na sharti hubaki kwenye kibali miaka ishirini, na sisi ni wachache, hatuna nguvu za kupoteza. Maziwe, pale mbele ya Pangani, palikuwa kisiwa chenye miti na mayai ya kasa, na wazee wanaoikumbuka miti hiyo bado wako hai. Leo ni fungu la mchanga linalofunikwa maji yakijaa. Pangani mjini Serikali imelazimika kujenga ukuta kuzuia bahari. Hatuna muda wa kujifunza kila kitu upya.

Ukikubali, kazi ya kuandika kwa Kiswahili chepesi tutaifanya sisi bila malipo. Walimu wetu wako tayari kukaa na afisa mazingira wa Jiji wakati wa likizo, na vijana wa bodaboda wamejitolea kusambaza karatasi hadi kata za mbali. Tunachohitaji kutoka kwako ni nakala za masharti na barua ya maneno machache yenye mhuri, ili watendaji wa kata wasitufukuze tukifika na gundi.

Tungeomba kuanza na Chongoleani, kisha mitaa ya jirani na bandari. Nakala ya barua hii tumempa Mkurugenzi wa Jiji na wenyeviti wa mitaa hiyo, nasi tutafika ofisini kwako kufuatilia jibu.

Wako katika ujenzi wa Taifa,

Katibu wa kikundi,
Sahare, Tanga